Filimbi ya Saa Tisa

Filimbi ya bendera hulia mara mbili kwa siku: saa moja na nusu asubuhi bendera inapopanda, na saa kumi na mbili jioni inaposhuka. Mara ya tatu haipo. Josaphat Vahwere aliishika sheria hiyo kwa miaka kumi na tisa katika buro moja ndogo ya serikali mjini Bunia, na aliivunja siku moja tu.

Alikuwa planton, yaani mtu wa mlangoni. Alifagia, alipeleka barua, aliwaita waliongoja kwenye benchi, na alipandisha bendera. Wengi wenye kazi kama yake waliiona bendera kuwa shughuli ya kumaliza haraka kabla ya chai. Josaphat aliiona kuwa ndiyo kazi yenyewe, na hayo mengine nyongeza. Alitoka Butembo mwaka 1984 akiwa kijana, akimfuata kaka yake aliyeuza maharage, na biashara ya maharage ilipomshinda akaajiriwa pale buro. Siku ya kwanza karani mkuu alimkabidhi vitu vitatu: filimbi ya chuma yenye kamba nyeusi, ufunguo wa chumba cha arshivi, yaani cha hati za zamani, ambamo bendera ililazwa, na daftari. Katika daftari hilo kila siku ilikuwa na mstari wake: saa ya kupandisha, saa ya kushusha, sahihi.

"Mvua inyeshe, chef afe, weye mwenyewe ukuwe mugonjwa," karani alimwambia, "drapo inapanda na drapo inashuka. Na hii filimbi si ya kuitia mbuzi."

Waliokuwa wakubwa enzi za Zaire wanakumbuka. Filimbi ilipolia, barabara nzima ilisimama. Baiskeli zilishikwa, kofia zilivuliwa, mizigo ilibaki vichwani, kila uso uligeukia mlingoti, na hakuna aliyesogea mpaka kilipolia kile kipenga kifupi cha kuwaachia watu. Aliyesogea alikula fimbo za askari. Mama aliyekaanga mandazi ng'ambo ya barabara alisimama akiyatazama yanaungua, kijiko mkononi, midomo ikitukana bila sauti. Siku moja arusi nzima ilikwama pale, bwana arusi mguu mmoja ndani ya gari na mwingine nje, na wapiga ngoma wameinua mikono kama watu waliokamatwa wakiiba. Josaphat hakucheka, wala hakuvuta kamba kwa haraka kwa ajili ya arusi. Alivuta kama siku zote, mkono juu ya mkono, uso umeinuka.

Mwaka 1997 Zaire ikafa. Bendera ya kijani yenye mwenge iliamriwa kushushwa, na redio ikatangaza mpya: ya buluu, nyota moja kubwa ya njano katikati, na nyota sita ndogo zimepangwa ubavuni. Redio ilifika Bunia siku hiyo hiyo. Bendera haikufika. Wiki nne mlingoti ulisimama uchi, na Josaphat akapungua mwili. Mwishowe alimwomba mkewe, Kanyere, aliyekuwa mshonaji mwenye cherehani ya miguu, aishone kwa maelezo ya redio.

Kanyere alikata nyota sita, akazipanga ubavuni, akazitazama kwa jicho la fundi.

"Baba Falone, huku chini kunabakia fasi. Inaonekana sawa mudomo yenye jino imetoka."

"Redio ilisema sita."

"Redio haishonake."

Asubuhi Josaphat alipokea bendera ikiwa imekunjwa, akapiga filimbi, watu wakasimama, akavuta kamba. Ilipofunguka juu, alihesabu nyota ndogo. Saba. Akahesabu tena. Kuishusha kabla ya jioni ingekuwa kuvunja sheria, kwa hiyo alivumilia mchana kutwa chini ya nyota saba, na jioni akaenda kujishtaki kwa karani mkuu. Karani alikuna kidevu. "Wacha tu," akasema. "Kinshasa ni mbali."

Hivyo kwa miaka sita serikali ya barabara ile ilikuwa na nyota moja zaidi kuliko serikali ya nchi nzima, na hakuna aliyegundua. Mwaka 1999 jeshi la Uganda, ambalo lilikuwa limeushika mji, lilitangaza kwamba Ituri sasa ni jimbo. Wakubwa walikuja na kuondoka, kila mmoja na muhuri wake, na mmoja alidumu pale buro kwa muda mfupi kuliko rangi aliyoipaka ukutani. Wote walipigwa picha chini ya bendera. Hakuna aliyehesabu. Waliojua ni mkewe, karani na Josaphat, na Josaphat peke yake jambo lile lilimsumbua kama kijiwe ndani ya kiatu. Alikuwa ameliandika kwenye daftari siku ile ile ya kwanza: *Nyota saba. Inapaswa kuwa sita.*

Mwaka huo huo vita vilianza vijijini, vikasogea. Watu waliingia mjini kutoka pande za Gety na za Nyankunde wakiwa na magodoro na masufuria, na waliokuwa mjini wakaanza kutoka. Josaphat na Kanyere walimpeleka binti yao Falone kwa ndugu zao Beni. Wao walibaki. Kanyere alisema wanabaki kwa sababu ya mlingoti, na hakukosea.

Mei 2003 jeshi la Uganda liliondoka. Kuanzia hapo mji ulikuwa na wenye bunduki wengi na serikali hakuna. Wiki ya kwanza waliwindwa watu wa kabila moja. Wiki ya pili wenye bunduki wengine wakashika barabara, na wakawindwa watu wa kabila jingine. Chef, mkuu wa buro, alikimbia. Karani mkuu alikimbia. Asubuhi moja Alphonsine, mpiga mashine ya kuandikia wa buro, alipita kwenye ua wa nyuma akimshika mkono mama yake, Brigitte, ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba. Sasa ilikuwa zamu ya watu wao kuwindwa.

"Papa Josaphat," akasema, "tumeikuta nyumba yetu inawaka."

Josaphat hakuuliza kitu. Aliwafungulia chumba cha arshivi, akawatandikia mkeka nyuma ya kabati la vyeti vya kuzaliwa, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Mchana alimweleza mkewe.

"Sasa iko watu watatu wa kulisha," Kanyere akasema. "Bale babili, na kifo."

"Buro ni ya kila mutu."

"Buro gani? Buro ni weye na ile filimbi yako."

Lakini kila mchana alivuka barabara kutoka nyumbani akiwa na beseni la nguo, na chini ya nguo palikuwa na maharage na ndizi za kupika.

Asubuhi ya kwanza ya wenye bunduki wapya, barabara ilikuwa ikiporwa tangu mapambazuko. Josaphat aliangalia saa, akatoka na bendera mikononi, akapiga filimbi. Alipiga kwa sababu ilikuwa saa moja na nusu. Na barabara ikasimama. Mmoja alikuwa na godoro kichwani. Akaunganisha visigino, godoro likaning'inia mbele na nyuma kama kofia ya askofu. Mwingine alikuwa amebeba mlango mgongoni, mlango mzima na bawaba zake. Akausimamisha chini, akavua kofia. Walikuwa wamelelewa na filimbi ile, shuleni na njiani, na mazoea yana taabu. Bendera ikafika juu. Kipenga kifupi kikalia. Godoro likaendelea na safari yake, na mlango nao. Josaphat akaandika kwenye daftari: *Saa 1.30 asubuhi.*

Siku ya tatu alikuja mkubwa wao, Komanda Constant, kuona ni nani anayewaamuru watu wake kusimama. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na kitu. Kabla ya vita alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya msingi, na bado alikuwa na tabia ya kusugua ncha za vidole kama mtu anayejifuta chaki.

"Nani anapigaka filimbi hapa?"

"Ni mimi, Komanda."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Serikali."

Komanda alichungulia buro tupu, madirisha yaliyovunjika, benchi lisilo na mtu. "Serikali iko wapi? Iite ikuye tusalimiane nayo."

Watu wake walicheka. Josaphat alingoja wamalize.

"Ilienda, Komanda. Iliacha drapo."

Komanda aliinua uso, na kwa sababu mwalimu ni mwalimu, akahesabu. Midomo yake ilisogea. Akahesabu mara ya pili kwa kidole.

"Muzee, weye shule yako iliishia wapi? Nyota ndogo ni saba."

"Ndiyo, Komanda. Inapashwa kuwa sita. Bibi yangu aliongeza moja juu ya kujaza fasi."

Uso wa Komanda ukabadilika polepole, kama wa mtu anayesoma barua nzuri.

"Hapana," akasema. "Ile ya chini ni Ituri."

"Hapana, Komanda. Ni fasi ilibakia."

"Muzee, kubali kufundishwa. Jimbo yetu iko na nyota yake. Mutu fulani mwenye akili aliiweka pale, na siye hatukuona."

"Ni Kanyere aliiweka."

"Kanyere alitumwa bila kujua." Komanda aliwageukia watu wake. "Munasikia? Kuanzia leo, filimbi ikilia, nani atatingishika, nitamuchapa mimi mwenyewe. Siye si wezi. Siye ni serikali."

Yule aliyesimama karibu naye alikuwa ameshika kamba ya mbuzi wa mtu, akasema ndiyo Komanda.

Tangu siku hiyo filimbi ya Josaphat ilikuwa na nguvu ambayo haikuwa nayo hata enzi za Zaire. Asubuhi na jioni Komanda mwenyewe alisimama mbele, kofia kifuani, macho kwenye nyota ya saba. Josaphat hakufurahi. Alikuwa amesema ukweli mara mbili na ukweli umekataliwa mara mbili. Lililobaki lilikuwa kufanya kazi yake. Jioni bendera ikishuka, aliikunja na kuipeleka kwenye chumba cha arshivi kama desturi, na hapo aliwaachia Alphonsine na mama yake maji ya kunywa. Wapiganaji walilala kwenye baraza, hatua kumi kutoka mlango ule, kwa hiyo usiku hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Siku ya tisa, saa sita mchana, Komanda alikuja na habari. Buro ingekuwa makao makuu yake. Meza zingeletwa, na chumba cha nyuma kingewekwa risasi.

"Ufunguo iko kwa nani?"

Mtu mwingine angesema karani alikimbia nao, na pengine angeaminiwa. Josaphat alikuwa na miaka arobaini na tatu na hakujua kusema uongo, kama wengine wasivyojua kuogelea.

"Iko kwangu, Komanda."

"Saa kumi nakuya. Unifungulie."

"Ndiyo, Komanda."

Komanda alipokwenda, Josaphat aliingia arshivi na kuwaeleza wanawake wale wawili kama mtu anayesoma tangazo. Aliyejibu ni Brigitte.

"Mwana wangu, mimi muniache. Miguu imekwisha. Huyu bado iko na miguu."

"Mama, nyamaza," Alphonsine akasema.

Kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa upande wa juu wa barabara ile ile, hatua mia na hamsini, na watu maelfu walikuwa wamejazana ndani ya seng'enge yake. Kulikuwa na njia nyembamba nyuma ya viwanja, kutoka choo cha buro mpaka kwenye ua wa michongoma, ikitokea barabarani karibu kabisa na seng'enge. Lakini barabara ile ilijaa wapiganaji mchana kutwa, na siku mbili kabla mtu mmoja alikamatwa pale akiwa anaziona kofia za buluu za askari hao.

"Papa Josaphat," Alphonsine akasema polepole, "jioni, wakati ya drapo, bote banageukia hapa. Bale ba kule juu banatupa mugongo kwa seng'enge. Kama tungepita ile wakati."

"Jioni ni saa kumi na mbili."

"Ninajua."

"Yeye anakuya saa kumi."

"Ninajua, Papa."

Hakumwomba. Alikuwa amefanya kazi naye miaka saba, alijua ni mtu wa namna gani, na aliona vibaya kumwomba. Josaphat alifunga mlango akaenda kukaa kwenye benchi la wenye kungoja, filimbi kiganjani.

Hapo ndipo Kanyere alipomkuta, beseni la nguo kichwani. Alimtazama, akaketi kando yake.

"Uko nawaza nini?"

Alimweleza.

"Falone alililia hii filimbi tangu akiwa na miaka mbili," Kanyere akasema. "Ulimunyima. Ulisema si ya kuchezea."

"Si ya kuchezea."

"Mama Brigitte anacheza?"

Josaphat aligeuza filimbi. "Filimbi ikidanganya mara moja, nani ataisikia kesho? Watu walisimama miaka yote hii kwa sababu haikulia bure."

"Basi si ndiyo maana watasimama leo?"

Ni kweli kwamba hofu ya kifo ilikuwemo moyoni mwa Josaphat, na asingeikana kama ungemwuliza. Lakini haikuwa peke yake. Kitu pekee alichokuwa nacho maishani ambacho hakikuwa na doa kilikuwa kile, na sasa alitakiwa kukitia doa kwa mkono wake mwenyewe, akijua. Kuna watu wanaosema kwamba sheria ikivunjwa kwa ajili ya mema haikuvunjwa. Josaphat hakuwa mmoja wao. Kwake iliyovunjwa imevunjwa, na anayeivunja yampasa kujua hivyo kabla, si baada.

Aliinuka. "Waambie wasimame mulangoni, upande wa choo. Wakisikia filimbi, waende. Wasikimbie. Mama hawezi kukimbia, na mutu anayekimbia anasikika."

"Na weye?"

"Mimi nitakuwa na drapo."

Kanyere alichukua ufunguo. Mlangoni aligeuka. "Baba Falone. Uvute polepole."

Saa tisa na dakika tano Josaphat Vahwere alisimama chini ya mlingoti. Jua lilikuwa kali. Mbele yake barabara ilipanda mpaka kambini, na juu yake watu wenye bunduki walipakua gari la mabati, wengine wakicheza karata kwenye kivuli cha duka lililovunjwa. Alishika kamba kwa mkono wa kushoto, akatia filimbi mdomoni, akapiga.

Kwa kitambo kidogo hakuna kilichotokea. Mtu mmoja aliangalia jua. Mwingine aliangalia saa ya mkononi, saa ambayo siku kumi nyuma ilikuwa ya mtu mwingine, akaitikisa. Kisha Komanda Constant alitoka kwenye nyumba alimokuwa akila, tonge bado shavuni, akavua kofia, akaiweka kifuani. Watu wake walipomwona, wakaacha mabati, wakaacha karata, wakageuka. Barabara nzima ikaukazia macho mlingoti.

Josaphat akaanza kushusha. Kwa kawaida bendera ile ilishuka kwa muda wa Baba Yetu moja. Sasa aliiteremsha kama watu wanavyoteremsha jeneza, kiganja kwa kiganja. Alikuwa mtu pekee barabarani aliyetazama upande wa juu. Aliona michongoma ikitikisika. Alphonsine akatokeza, kisha Brigitte akimwegemea. Hatua, wanapumzika. Hatua, wanapumzika. Migongo yote ilikuwa imewaelekea.

Bendera ilipita katikati ya mlingoti. Nzi alitua kwenye shavu la Komanda, na Komanda hakumfukuza.

Bendera ilifika chini kabla ya Brigitte kufika. Josaphat aliipokea mikononi isiguse udongo, kama ilivyo sheria, akaanza kuikunja. Alikunja mara mbili, mara nne. Kule juu mwanamke mzee alikuwa amepiga magoti mbele ya seng'enge, hawezi kuinama zaidi wala kuinuka. Josaphat alikunjua bendera, akainyoosha kama mtu aliyeona kunyanzi, akaanza upya. Komanda alikunja uso. Mbili. Nne. Nane. Askari mmoja wa kofia ya buluu akainua waya, mikono ikatoka ndani ikamshika Brigitte mabegani, na miguu yake iliyovimba ikapotea kati ya miguu ya watu.

Josaphat akapiga kipenga kifupi.

Komanda alivaa kofia akaja, akimalizia kutafuna.

"Muzee, ni saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika kumi na tano, Komanda."

"Na drapo inashukaka saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Nani amekufa?"

"Hakuna, Komanda. Nimevunja sheria."

"Juu ya nini?"

Josaphat hakusema uongo, na hakusema kitu. Komanda alinyoosha mkono apewe ufunguo. Kanyere ndiye aliyeutoa, beseni likiwa kichwani. Ndani walikuta mkeka, sahani mbili na jerikeni ya maji. Komanda alitoka taratibu. Waliokuwepo walisema baadaye kwamba watu wawili kumponyoka hakukumuuma sana. Wengi walikuwa wamemponyoka. Lililomuuma ni kwamba alisimama kwa heshima, kofia kifuani, mbele ya watu wake wote, kama mtoto wa shule aliyetumwa kutazama ukuta.

"Ulipiga na mukono gani?"

"Wa kuume."

"Weka hapa."

Josaphat aliuweka mkono wa kulia juu ya jiwe la mlingoti. Komanda alichukua bunduki ya mtu wa karibu, akaigeuza, akapiga kwa kitako mara mbili. Kisha akasugua ncha za vidole.

Jioni, saa kumi na mbili, hakukuwa na bendera ya kushusha. Josaphat alimwomba mkewe amfungulie daftari, na kwa mkono wa kushoto, kwa herufi za mtoto anayeanza shule, akaandika: *Filimbi ilipigwa na bendera ikashushwa saa 9.05 mchana, bila amri. J. Vahwere.*

Mfupa uliunga vibaya. Askari wa kigeni waliingia mjini mwezi uliofuata, Komanda na watu wake wakaondoka, na mwaka uliofuata serikali ikarudi polepole, kwanza muhuri, kisha watu. Alphonsine alirudi kwenye mashine yake. Mama yake aliishi Mudzi-Pela na magoti yake. Chef mpya alikuwa kijana kutoka mbali, mwenye adabu. Alileta bendera rasmi yenye nyota sita, na siku moja akafungua daftari la zamani kwa udadisi tu. Akamwita Josaphat.

"Papa, juu ya nini uliandika hii? Hakuna mutu alikuuliza."

"Kila siku iko na mustari yake, Chef. Ile siku pia."

"Unajua sheria inasema nini kwa mutu anayetumia drapo kwa mambo isiyo ya serikali?"

"Ninajua. Ndiyo maana niliandika."

Chef alimtazama, akatazama mkono uliopinda. Alisema angeweza kuchana ukurasa. Josaphat alisema kurasa zina namba. Chef alisema angeweza kusahau kusoma. Josaphat alisema, "Chef, umeshasoma." Mwisho chef alianza kusema maneno ya barua ya kumwachisha kazi, na Alphonsine, aliyekuwa mezani kwake, akaweka karatasi kwenye mashine. Kwenye mstari wa pili vidole vyake vikasimama.

"Chef, hii mimi siwezi."

"Piga tu, Mama Alphonsine," Josaphat akasema. "Usikosee tarehe."

Alipiga. Bendera yenye nyota saba Kanyere aliichukua nyumbani, akaifanya pazia la dirisha. Kipenga kimoja cha saa tisa kilimgharimu Josaphat Vahwere mkono wake wa kuume na kazi aliyoifanya miaka ishirini.